Tulipokwama Kisiwani na Motere Mbovu

Mume wangu aliinunua ile motere, injini ya kusukuma mtumbwi, kwa Mgiriki mmoja aliyekuwa akifunga duka lake pale Nyangwe ili arudi kwao. Ilikuwa kuukuu, imechubuka hata huwezi kujua ilizaliwa na rangi gani, na ilipowaka ilitoa moshi wa buluu ambao kuku wa jirani waliukimbia. Lakini ilikuwa motere. Siku hizo, wakati wa Wabelgiji, watu weusi waliopanda mto Lualaba bila kupiga kasia walikuwa wachache sana kwetu. Mume wangu aliukata mkia wa mtumbwi wake mkubwa, akagongomea ubao mnene, akaifunga motere pale nyuma, na tangu siku hiyo akatembea kama mtu mwenye viatu vipya.

Kitu kimoja tu hakuwa nacho: ruhusa. Kila motere ya mtoni ilitakiwa iandikishwe kwa Bulamatari, ndivyo tulivyoiita serikali ya wazungu, na yeye hakuiandikisha. Alisema atakwenda baadaye. Sisi wa nyumbani tulijua haendi, maana ofisi ya wazungu aliizunguka kwa mbali, kama mtu anavyouzunguka mzinga wa nyuki.

Mimi nilikuwa mke wake wa pili, na kazi yangu kushona. Cherehani yangu ya mkono niliirithi kwa mama mkubwa, nami nilimshonea kila mwanamke wa mtaa wetu aliyetaka kupendeza siku ya Idi. Mke wake wa kwanza alitoka upande wa Kabambare, karibu na Lusangi, kwa wakulima. Kiswahili alikijua vizuri, lakini akikasirika alirudi kwenye Kibangubangu chake, na hapo sote tulinyamaza. Nilimwita Yaya, kama inavyotakiwa kumwita mkubwa. Yeye hakuniita kitu. Tangu nilipoingia nyumba ile aliongea nami kwa kupitia kuku, sufuria au ukuta. "Kuna watu hapa hawajui kufunika mutungi," alikuwa akiuambia ukuta, nami nilikwenda kuufunika.

Basi binti wa dada yake mume wangu akaposwa Kasongo. Ilibidi twende wote: mimi nikamshonee bibi harusi, Yaya akasimamie jikoni kama mkubwa wa upande wetu, na mume wangu apeleke mchele, samaki wakavu na mafuta ya mawese. Mpiga kasia wetu aliamka na homa siku ya safari. Yaya akasema tungoje. Alikuwa hakukulia mtoni, maji aliyaogopa tangu zamani, na mtumbwi bila mpiga kasia ulimtisha zaidi.

"Tungoje nini?" mume wangu akamjibu. "Motere ndiyo mupiga kasia yetu. Haina homa."

Tukaondoka asubuhi. Mto ulikuwa umejaa, maji mekundu kama chai ya maziwa, na magogo mazima yalishuka na mizizi yake juu. Mpaka jua lilipopita kichwani motere ilikwenda vizuri. Kisha wingu likatoka upande wa machweo, likatufikia kabla hatujafika ukingo. Mvua ile haikudondoka, ilimwagika. Motere ikakohoa, ikashika, ikakohoa tena, ikanyamaza.

Mtu ambaye hajawahi kuzimikiwa na motere katikati ya Lualaba hajui kimya ni nini. Mvua ilipiga kelele, maji yalipiga kelele, lakini mimi nilisikia kimya tu. Mume wangu alizungusha kamba kwenye gurudumu la juu ya motere, akavuta. Akazungusha, akavuta. Mtumbwi ukageuka ubavu na kuanza kurudi tulikotoka, ukisukumwa upande wa mkondo mkubwa. Nikashika kasia moja tulilokuwa nalo, nikapiga kwa nguvu zangu zote, na gogo likaja likalikata kama muwa. Yaya alikuwa amelala kifudifudi juu ya magunia, amekumbatia gunia moja, anasoma dua.

Mungu alituweka kisiwani. Mtumbwi uliingia kwenye matete ya kichwa cha kisiwa, ukakwama, mume wangu akaruka na kuufunga kwenye kichaka. Kisiwa chenyewe kilikuwa ukanda wa mchanga na matete na miti michache mifupi. Kiangazi wavuvi walipiga kambi pale. Masika hawakuwepo, walihamia bara. Upande mmoja ukingo wa Kasongo ulionekana mwembamba kama uzi. Upande wa pili palikuwa na mkondo mkubwa unaobeba magogo.

Mvua ilipoacha mume wangu alifungua buji, kile kichwa kinachotoa cheche ndani ya motere, akaipangusa kwa shati, akairudisha. Alikuwa na aibu, na aibu ilimfanya aharakishe. Kulikuwa na kijiti cha chuma chini ya gurudumu, cha kuongeza na kupunguza mwendo. Akakisukuma mpaka mwisho, akajizungushia kamba kiganjani ili isiteleze, akavuta. Motere ikapiga mara moja kinyumenyume. Gurudumu likarudi, likanyakua kamba, na kamba ikanyakua mkono. Nilisikia mfupa. Alikaa chini kwenye maji ya mtumbwi, akautazama mkono wake wa kulia ulivyopinda mahali ambapo mkono haupindi.

Yaya ndiye aliyemtoa mle. Alisahau woga wake wa maji, akaingia mpaka kiunoni, akamkokota hadi mchangani. Akavunja matete makavu, akayapanga kandokando ya ule mkono, akapasua upande wa leso yake na kuufunga. Mume wangu aliuma kofia yake mpaka kazi ikaisha.

"Sasa?" Yaya akamwuliza.

"Sasa tungoje maji yapungue."

Yaya akachukua kijiti, akakichomeka mchangani pale maji yalipoishia. Tulipopika wali na kula, kijiti kilikuwa kimesimama ndani ya maji. Akakichomeka kingine juu zaidi. Kila mmoja wetu alikuwa akivitazama vile vijiti kwa kificho.

Asubuhi kilichobaki cha mchanga kilitosha kama uwanja wa nyumba. Chakula tulikuwa nacho tele, maana tulibeba chakula cha harusi, na hilo lilizidi kuniudhi: kukaa juu ya magunia ya mchele, kuku wa karamu wanalia kwenye tenga, na huwezi kwenda popote. Nikafikiri tujiachie na mkondo uturudishe Nyangwe. Mume wangu akakataa.

"Bila kasia? Mukondo utatuchukua ngambo ile, kati ya magogo. Nyangwe tutaipita tunaiona, watu wanatupungia mukono. Na huko chini maji inapiga mawe. Kujiachia ni kujiua."

"Basi tufanye motere," nikasema.

Akanitazama, kisha akautazama mkono wake. "Nani atafanya?"

Nilikuwa sijagusa motere maishani mwangu. Lakini cherehani yangu niliifungua mwenyewe kila mwezi, nikaisafisha, nikaitia mafuta, na ilipokataa kushona nilitafuta sababu moja moja mpaka nikaipata. Kwenye sanduku lake nilikuwa na bisibisi ndogo, sindano za kila ukubwa na kichupa cha mafuta mepesi. Nikalileta lile sanduku. Mume wangu akacheka kidogo, cheko la mtu mwenye maumivu, kisha akaona sichezi.

Akawa anasema, mimi nafanya. Tukaanza na cheche. Nikafungua buji bila kuitoa kwenye waya wake, nikailaza juu ya chuma cha motere, nikavuta kamba. Jua lilikuwa kali, hatukuona kitu. Yaya, ambaye alikuwa amekaa mbali ametupa mgongo, akainuka, akanifunika kichwa na motere pamoja kwa leso yake. Ndani ya kile kiza kidogo nikavuta tena, nikaiona: nyota ya buluu, ndogo, ikaruka.

"Iko!" nikapiga kelele. "Cheche iko!"

"Basi ni esansi," mume wangu akasema. Hivyo ndivyo tunavyoiita petroli.

Nikafungua kibomba cha chini ya tangi, nikakinga kikombe cha bati. Esansi ikashuka, na chini yake yakakaa matone mazito yanayoteleza kama macho ya samaki. Maji. Kifuniko cha tangi kilikuwa kimepasuka, mvua yote ile ilikuwa imeingia. Tukamwaga tangi lote kwenye sufuria, tukaacha itulie, kisha nikaichota ya juu polepole, na ya chini tukaimwaga. Ilitutoka nyingi. Iliyobaki niliichuja kwa kipande cha kitambaa cheupe cha bibi harusi, kwa sababu ndicho kitambaa pekee chenye uzi mwembamba kiasi hicho. Nilipokikata kile kipande mkono wangu ulikuwa mzito kuliko nilipovuta kamba.

Wakati nalifunga tangi tulisikia mlio mwingine. Mlio mnene, uliotulia. Kutoka upande wa Kasongo ilikuja boti nyeupe ya serikali, na bendera yake nyuma. Ilishuka na maji, ikikata katikati ya mto, na ingetupita karibu kiasi cha kusikia sauti.

Nikasimama. Kile kitambaa cheupe kilikuwa mkononi, nikakiinua.

"Kaa chini," mume wangu akasema.

"Ni watu! Watatuvusha!"

"Kaa chini, nakuomba." Akashika pindo la nguo yangu kwa mkono wake mzima. "Ukipunga hicho kitambaa umenipeleka gereza. Mutu mweusi na motere bila karatasi, kwao ni mwizi. Wataichukua, na mimi watanilaza tumbo. Mugongo yangu unaujua."

Niliujua. Ulikuwa na mistari iliyopona vibaya, niliipitishia vidole gizani, na sikuwahi kuuliza. Akatuambia pale pale, amejilaza nyuma ya matete, boti inakuja. Alipokuwa kijana bado hajaoa, walimkuta na kapu la mchele ambao ulitakiwa upelekwe kwa serikali. Alipigwa kiboko uwanjani Kasongo, mbele ya baba yake, na baba yake alilazimishwa kusimama na kutazama. "Nilikuwa nalia," akasema. "Baba alikuwa ananitazama nalia."

Nikakaa. Yaya naye alilala chali, akatia mkono kwenye tenga akawashika kuku midomo wasilie. Boti ikapita. Kwenye sitaha alikuwa amekaa mzungu kwenye kiti, anasoma, na askari mmoja alitazama upande wetu muda mrefu, kisha akatazama pengine. Baadaye mawimbi yake yakaja, yakapiga kisiwa chetu na kuchukua kijiti cha Yaya.

Sijui kama niliwahi kuhisi vile tena. Mbele yangu maji, nyuma maji, na hata wokovu ulipopita nilitakiwa kujificha usinione. Nilimwonea huruma mume wangu na nilimchukia, vyote kwa pamoja, na sikuwa na mahali pa kwenda kukaa peke yangu niamue.

Tukarudi kwenye motere. Nikarudisha buji, nikavuta. Ikakohoa mara moja, ikanyamaza. Nikavuta mpaka kiganja kikachubuka. Mume wangu akasema labda uchafu umeingia kwenye kabureta, pale esansi inapochanganyika na hewa, lakini yeye hakuwahi kuifungua. Mgiriki alimkataza.

"Mugiriki hayuko hapa," Yaya akasema. Alimwambia yeye, hakuuambia ukuta.

Bisibisi yangu ya cherehani iliingia kwenye zile skrubu kama iliyotengenezewa kazi hiyo. Kabureta ilikuwa na kikombe kidogo cha chuma, ndani yake kizibo kinachoelea, na chini kishimo chembamba ambapo esansi hupita. Kikombe kilijaa matope ya kutu. Kishimo kilizibwa kabisa. Nikachukua sindano nyembamba niliyoshonea hariri, nikaipitisha polepole, nikageuza, nikapuliza, nikapitisha tena, mpaka nikaona mwanga upande wa pili.

Nilipokuwa narudisha kikombe, skrubu moja ikanichomoka. Ikagonga ubavu wa mtumbwi, ikaanguka nje, mchangani, kwenye maji ya kufika kifundo.

Mume wangu alifumba macho. Mimi nilianza kulia, kilio cha hasira, nachota mchanga kwa viganja na kuutupa ovyo. Yaya akanishika bega.

"Usichafue. Toka hapo. Toka, mudogo wangu."

Hiyo ndiyo mara ya kwanza aliponiita kitu. Akaenda kwenye vyombo vya harusi, akaleta ungo. Akapima kwa macho mahali skrubu iliporuka, akachota mchanga kidogo kidogo, akaupepeta ndani ya maji, kwa utulivu, kama anayetafuta mawe kwenye mchele. Kwao walichimba dhahabu, wazungu walikuwa na mgodi karibu, na akiwa msichana alipeleka chakula kwa kaka yake aliyefanya kazi pale. Aliona jinsi wanavyoosha mchanga. Aliosha hivyo mpaka mgongo wake ukawa haukunjuki, na mimi nilisimama kando bila kuthubutu kupumua. Kisha akachukua kitu kwa vidole viwili, akanipa bila kutabasamu.

"Ya kwako."

Na ndiye aliyesema neno la mwisho kuhusu buji. Nilikuwa nimerudisha kikombe na kuvuta tena, bado haikuwaka. Akauliza mbona inanuka esansi kila ninapoifungua. Nikamwonyesha: buji ilikuwa imelowa.

"Pale mugodini walikuwa na motere ya kuvuta maji," akasema. "Ikikataa asubuhi, yule mutu wake anatoa hii kitu, anaiweka kwa moto mpaka inakauka, anairudisha ikiwa na moto bado. Wanawake tulikuwa tunamucheka, tunasema anakaanga njugu."

Mume wangu akasema hajawahi kusikia. Yaya akamwuliza kama ana la kwake.

Sasa kulikuwa na jambo la kutisha. Motere ile haikuwa na namna ya kuwaka bila kusukuma. Ikiwaka tu, mtumbwi unaondoka. Kwa hiyo ilibidi tupakie kila kitu, tuingie wote, tuelekeze pua ya mtumbwi mtoni, tuufunge kwa kamba ndefu, na mtu mmoja akae mbele na panga aikate kamba wakati motere inashika. Akikata mapema na motere ikakataa, mkondo unatuchukua. Akichelewa, mtumbwi utavutwa ubavu na kujaa maji. Mume wangu alikuwa na mkono mmoja, mimi navuta. Alibaki Yaya.

Alilichukua panga, akagusa makali yake kwa kidole gumba.

"Nitajua namna gani kama imeshika?"

"Utasikia," mume wangu akamwambia. "Usitazame maji. Sikia tu."

Jua lilikuwa linateremka, na pale tulipolala usiku uliopita palikuwa maji matupu. Yaya aliikausha buji kwenye makaa, akaishika kwa pindo la nguo, akanipa ikiwa ya moto. Nikaikaza. Akaenda mbele, akapiga magoti, akaweka panga juu ya kamba, akafumba macho. Nilizungusha kamba ya motere kwenye gurudumu, ncha yake nikaishika kwa vidole tu, sikujifunga mkono. Nikavuta.

Ikapiga mara moja, mbili, ikasita. Nilidhani imekufa. Halafu ikanguruma, moshi ukatufunika, mtumbwi ukaruka mbele na kamba ikakaza kama waya. Nikaona panga likishuka. Mara moja tu.

Nilishika usukani ule wa motere kwa mikono miwili na niliogopa kuuachia hata kujipangusa macho. Mume wangu alikaa karibu nami akinionyesha kwa kidevu: kulia, ngoja gogo lipite, sasa. Yaya alichota maji kwa sufuria bila kusimama, mgongo wake kwetu. Tulipokaribia ukingo, pale ambapo maji yametulia, nilianza kupanda mto kandokando ya miti. Hakuna aliyeshangilia. Sote watatu tulikuwa tunaisikiliza motere, kama watu wanaosikiliza mgonjwa anavyopumua.

Jioni bado ina mwanga tuliiona bandari ya Kasongo, na watu wamesimama juu ya ukingo. Ndugu za mume wangu walikuwa wakitungoja. Mume wangu akasogea.

"Nipe," akasema.

"Utaweza kwa mkono wa kushoto?"

"Nipe tu. Wasione."

Nikampa. Alitufikisha yeye, kwa mkono wa kushoto, na walipomwuliza akawaambia motere ilimpiga lakini yeye aliifundisha adabu. Walimsifu. Yaya alipanda ukingo na tenga la kuku kichwani, akapita katikati yao bila kuwasalimia.

Bibi harusi nilimshonea, na pale palipopungua kitambaa nikaweka mikunjo. Mganga wa mifupa aliufungua mkono wa mume wangu na kuufunga upya, akasema utapona lakini hautanyooka. Siku karamu ilipokwisha Yaya alinikuta nikipanga cherehani yangu kwenye sanduku, akakaa karibu nami juu ya mkeka. Hakuwahi kufanya hivyo nyumbani.

"Kuna lori linakwenda Kabambare," akasema. "Nitashuka kwetu. Mu mutumbwi ule sirudi, na kwa mguu Nyangwe iko mbali."

"Utarudi lini?"

Akacheka. Akauliza, "Wewe hutaki kwenda? Huko kwetu watu wanavaa matambara. Utashona mpaka uchoke."

Nilikuwa na mama yangu Nyangwe, mjane, hana mwingine. Na mume wangu alikuwa na mkono mmoja. Hayo ndiyo niliyomjibu. Alinisikiliza, akasema sawa, akanishika kidole kimoja tu cha mkono, akakiachia. Asubuhi lori likamchukua. Mume wangu alituma watu kumfuata mara kadhaa, wakarudi na salamu nzuri na mikono mitupu.

Sikujua bado nilichojifanyia. Mkono wa mume wangu ulipona umepinda, hauna nguvu ya kuvuta kamba. Mpiga kasia wetu alijaribu, motere ikamkataa, na mimi nilipoigusa ikawaka. Basi kila safari nikaenda. Mchele kwenda Kasongo, chumvi na vitambaa kurudi, samaki kwenda Kibombo. Niliijua ile motere kuliko nilivyojijua. Niliamka na harufu ya esansi kwenye nywele, nikalala nayo. Wanawake wa mtaa walipeleka vitambaa vyao kwa fundi mwingine, kwa sababu mimi sikuwepo, na cherehani yangu ilikaa imefunikwa. Tukikaribia bandari yoyote alisema "Nipe," nami nikampa, nikahamia kwenye magunia. Kisiwa kile kilikuwa na maji pande zote na nilitoka. Kwenye mtumbwi ule nilikaa miaka.

Hakunipiga, hakunitukana. Nataka hilo lieleweke. Tukiwa peke yetu katikati ya mto aliniita fundi, na aliniuliza kama kamba imeniumiza. Lakini hakuniuliza kamwe kama nataka kwenda.

Asubuhi moja, siku za mwisho za Wabelgiji, watu walipokuwa wameanza kuongea wazi sokoni, alikuja akasema mtumbwi umepakiwa, twende. Nilikuwa nimekaa mlangoni. Nilikuwa sijapanga kitu.

"Leo siendi," nikasema.

"Uko mugonjwa?"

"Hapana."

Akangoja nimalize. Nilikuwa nimemaliza.

"Nani atavuta kamba?"

"Sijui."

Alisimama pale na kofia yake mkononi, akatazama upande wa mto, akanitazama mimi. Nilisubiri hasira, na haikuja. Alivuta kigoda, akakaa kando yangu mlangoni, mkono wake uliopinda juu ya goti, na tukakaa hivyo mpaka jua likatufikia miguuni. Kisha akaenda kuwaambia vijana waliopakia mtumbwi washushe magunia. Mimi nikaingia ndani, nikalala mchana kweupe, mlango wazi, na hakuna aliyeniamsha.